Kabla hujamhukumu dume, shika kwanza slaidi

Mbukwenyi! Asanteni, kaeni, kaeni. Wazee wetu mliotoka Bahi na Chamwino shikamooni, maafisa mifugo wa kata habari za kazi, wahimilishaji wenzangu nawaona, na nyie wanafunzi mliojazana kule nyuma sogeeni mbele viti vipo. Wazee naomba radhi mapema, leo tunaongelea namna ya kupima mwendo wa mbegu za dume, tutazitaja wazi wazi mbele ya watoto, hii ni kazi na kazi haina aibu.

Nianze na dume mmoja wa ng'ombe.

Ilikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba wa Dodoma mnaujua, upepo unaanza alfajiri, maji ya kunawa yanauma vidole, mtu anashinda na sweta mpaka saa nne. Mi kipindi hicho nilikuwa kwenye maabara moja ndogo, umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, na kile kibao cha kupashia joto slaidi, yaani vile vioo vya kuwekea tone la kuangalia, kimepoa kama jiwe la mtoni. Hadubini yenyewe ilikuwa ya zamani ya kioo, ile unaikinga kwenye jua la dirishani, kwahiyo mi nikaona hamna shida, mwanga upo kazi iendelee. Mzee mmoja alikuja na dume wake, dume mzuri kweli, mwekundu, nundu imesimama, wametembea nae toka usiku yeye na kijana wake. Tukakusanya kwa uke bandia, mililita sita, nyeupe, nzito kama mtindi wa kwenye kibuyu. Nikavuta droo nikatoa slaidi, nikadondosha tone, nikainama kuangalia. Wimbi la mbegu zikienda kwa kundi hamna. Mbegu zinajivuta tu. Nikainuka kutafuta kalamu, kama dakika mbili hivi, nikarudi nikaangalia tena, hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Nikaandika mwendo asilimia 20, yaani mbegu 20 tu kwa kila 100 ndo zinatembea, nikasaini. Yule mzee hakubisha, mtu wa maabara keshasema nani atabisha, akaikunja ile karatasi vizuri akaiweka mfuko wa shati. Wiki hiyohiyo dume akapelekwa mnadani akauzwa wa kuchinja.

Wiki mbili baadae akaja dume mwingine, asubuhi ya baridi vilevile, na mi nikaona yaleyale, nikashika kalamu. Dada mmoja niliyekuwa nafanya nae kazi, mwenye uzoefu kuniacha mbali, akapita nyuma yangu akaigusa slaidi kwa kidole akasema, mbona ya baridi hivi? Akachukua slaidi nyingine akailaza juu ya chupa ya maji ya moto aliyoizungushia kitambaa, akangoja, akaijaribu kwa upande wa ndani wa kiwiko kama mama anavyojaribu maziwa ya mtoto, ndo akadondosha tone kutoka tyubu ileile iliyokuwa imekaa kwenye thamosi. Akasema sogea. Jamani. Nilichokiona ni kama moshi wa jikoni ukipigwa na jua la asubuhi, unajizungusha, unafunguka, unajikunja tena, hautulii. Tyubu ileile, dume yuleyule, kilichobadilika ni slaidi.

Nikamkumbuka yule mzee na karatasi yangu mfukoni mwake.

Ndo maana nimekubali kuja kuongea leo. Hii namba tunayoiandika, mwendo asilimia kadhaa, watu wanadhani imetoka kwa dume. Haijatoka kwa dume peke yake, imetoka kwa dume pamoja na meza yako, slaidi yako, maji yako na macho yako, na kama hujui mchango wa meza ni kiasi gani basi huna haki ya kusema lolote kuhusu dume.

Sasa tuangalie tunachokipima ni nini hasa. Mbegu ya fahali ina urefu wa kama mikromita 70 kichwa na mkia, yaani ukizipanga 14 kwa mstari ndo unapata milimita moja hivi. Kichwa ni kidogo tu, kama mikromita 9, kinachobaki chote ni mkia, na pale shingoni mkia unapoanza ndo pamefungwa mitokondria inayotoa nguvu. Mtu wa kwanza kuandika habari zake ni Antoni van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, mwaka 1677, kwa lenzi alizosaga mwenyewe kwa mkono, na kilichomshangaza ndo hichohicho kinachotushangaza sisi, kwamba vinatembea. Mbegu nzuri ya fahali kwenye joto la mwili inakata kama mikromita 100 kwa sekunde, kwa dakika ni milimita 6. Kwa macho yetu ni kidogo ila kwa mwili wake ni kwamba kila sekunde anauruka urefu wake wote na zaidi.

Ule mkia unapigwa na kemikali, na kemikali yoyote ya mwili inafata joto. Kwenye nyuzi 37 inachapa, kwenye nyuzi 18 za chumba chetu cha mwezi wa saba inasinzia. Na kuna kusinzia na kuna kufa, msichanganye. Mbegu iliyopoa kidogo juu ya slaidi inapunguza mwendo tu, lakini ukiishusha ghafla kutoka joto la mwili mpaka kwenye baridi kali bila kinga ya yai au maziwa, ngozi yake inapasuka na hata ukiipasha hairudi. Upande wa pili nao upo, mtu anaogopa baridi anapitisha slaidi juu ya moto wa kibatari, ikizidi nyuzi 42 hivi unaipika. Kwahiyo kila kitu kinachogusa mbegu, narudia kila kitu, slaidi, kavaslipu yaani kile kioo chembamba cha kufunikia tone, ncha ya pipeti, ekstenda yaani yale maji yenye yai au maziwa ya kuchanganyia mbegu, tyubu, kiwe nyuzi 37 kabla hakijaigusa. Huna kibao cha umeme? Thamosi ya chai, maji ya moto uchanganye na ya baridi, themometa ndani, slaidi ndani ya mfuko wa nailoni usiovuja ukae juu ya hayo maji. Mi nimefanya hivyo Kongwa chini ya mti na majibu yamekuja sawa kabisa na ya maabara.

Baridi sio muuaji pekee. Maji ya kawaida yanaua. Tone la maji lililobaki kwenye tyubu uliyoiosha vizuri kwa nia njema, mbegu inayanywa inavimba mkia unajikunja kitanzi, ukiangalia unaona zinazunguka palepale kama mbwa anayetafuta mkia wake. Ukiona hivyo kwa wingi, kabla ya kumlaumu dume uliza tyubu ilikauka? Sabuni inaua, mkojo unaua, jua la moja kwa moja linaua, na ile mpira mweusi ya kwenye mabomba ya sindano nayo nyingi zina sumu kwa mbegu. Mnaona, orodha ya wauaji karibu yote iko upande wetu, dume hayumo.

Njia za kupima sasa. Ya haraka kuliko zote ni ya wimbi, mwendo wa kundi. Tone la mbegu ambayo haijachanganywa na kitu, juu ya slaidi ya joto, bila kavaslipu, ukuzaji mdogo tu kama mara 40 mpaka 100, unaangalia ukingo wa tone na katikati yake, unatoa alama kuanzia 0 ambapo kumetulia kama lambo lisilo na upepo mpaka 5 ambapo panachemka. Inachukua nusu dakika. Ni nzuri kwa fahali, kondoo na mbuzi kwa sababu mbegu zao ni nzito, fahali peke yake mililita moja inaweza kuwa na mbegu bilioni moja. Lakini ina mtego na mtego wenyewe ndo huu, wimbi linatengenezwa na vitu viwili, kasi na msongamano. Dume mwenye mbegu chache hata kama kila moja inakimbia vizuri hutaona wimbi. Na dume wa nguruwe ambaye anatoa zaidi ya mililita 200 nyepesi, huyo usimpime kwa wimbi kabisa utamuonea.

Kwahiyo unaenda hatua ya pili, unachanganya kidogo na ekstenda ya joto mpaka uone mbegu mojamoja, unaweka kavaslipu, unapanda mara 200 au 400, na kama una hadubini ya fezi kontrasti ni raha zaidi maana mikia inaonekana. Hapa kuna hesabu moja nawapa bure, tone la mikrolita 10 chini ya kavaslipu ya milimita 22 kwa 22 linakupa kina cha kama mikromita 20. Ukiweka tone kubwa kila siku kivyako, kina kinabadilika, mbegu zinapanda na kushuka nje ya macho, na juzi na leo haviwezi kulinganishwa. Angalia sehemu tano au zaidi, usikae pembeni maana pembeni panakauka mapema. Na unatenganisha tatu: inayoenda mbele, inayotikisika palepale, iliyotulia. Tunayoitaka ni ya kwanza. Wenzetu Marekani wanaopima madume ya kupandisha kwa asili kiwango chao cha chini ni asilimia 30 ziwe zinaenda mbele na asilimia 70 ziwe na umbo zuri, nakitaja ili mjue kwamba dume wa asilimia 40 sio wa kumkimbiza mnadani.

Shida ya njia hii ni jicho. Jicho la binadamu linafata kinachotembea, tumeumbwa hivyo, mchunga ng'ombe porini anaona kilichotikisika kwenye nyasi kabla ya kuona kisiki. Matokeo yake unaziona zinazokimbia unazisahau zilizolala, na karibu sote tunazidisha. Halafu kuna lile la kumjua mwenye dume, kama dume ni wa mkubwa asilimia 50 inageuka 65 bila hata mtu kukusudia kudanganya.

Dawa yake ni kuhesabu, na kuhesabu hakuhitaji mashine ya mamilioni. Una ile chemba ya kuhesabia chembe za damu, hapa sisemi wilaya yetu ya Chemba, nasema kile kioo chenye mistari kilichopo karibu kila zahanati yenye maabara. Unaweka mbegu zilizochanganywa, unahesabu zile zisizotembea tu, zilizolala hazikukimbii kwahiyo hukosei. Ukimaliza unaziua zote kwa joto, unarudi kwenye miraba ileile unahesabu jumla. Tuseme zisizotembea zilikuwa 84 na jumla ni 200, waliokuwa wanatembea ni 116, asilimia 58. Imeisha. Yaani nikimkuta kijana ana chemba moja, thamosi moja na uvumilivu, namuamini kuliko mtu mwenye mashine asiyejua mashine inafanya nini.

Na msihesabu kidogo. Kama ukweli ni nusu kwa nusu na wewe umehesabu mbegu 100, jibu lako linaweza kuchezea pointi 10 juu au chini kwa bahati tu, ukihesabu 200 linacheza kama 7, ukihesabu 400 linacheza kama 5. Mtu amehesabu mbegu 50 ananiandikia asilimia 63, hiyo 3 kaitoa wapi? Madume wawili mmoja 55 mwingine 61 kwa mbegu 100 kila mmoja, hao hujawatofautisha bado.

Sasa mashine. Najua vijana ndo mnachongoja. Hii inaitwa CASA, ni hadubini ina kamera, kamera inapiga picha nyingi kwa sekunde, programu inakitafuta kila kichwa kwenye kila picha halafu inaunganisha nukta kupata njia aliyopita. Inakupa kasi tatu na watu wengi wanazikariri bila kuzielewa. Chukueni mbuzi anayetoka zizini kwenda lamboni. Hatua zote alizopiga, kuingia kichakani, kurudi, kuzunguka mti, hiyo njia yake yote ukiigawa kwa muda ndo VCL. Ukichora ile njia ya wastani, mwelekeo wake ukiacha kuyumbayumba, hiyo ni VAP. Ukivuta kamba moja kwa moja toka zizini mpaka alipofika, hiyo ni VSL. VSL haiwezi kuizidi VCL kamwe, ukiona ripoti imezidi ujue kuna mtu kakosea. Ukigawa VSL kwa VCL unapata unyoofu wa njia, LIN, mbuzi asiyezurura ana LIN kubwa.

Swali linakuja, kamera inapiga picha ngapi? Kama ni 25 kwa sekunde, kati ya picha na picha mbegu imeshapinda kulia na kushoto na wewe hujaona, programu inaunganisha nukta mbili kwa mstari mnyoofu, VCL inatoka ndogo. Dume yuleyule kwenye kamera ya 60 VCL inapanda. Sio kwamba amepona, ameangaliwa vizuri zaidi. Kwahiyo ukisoma ripoti ya nje ukalinganisha na ya kwako bila kuuliza idadi ya picha kwa sekunde na kina cha chemba na joto, unalinganisha debe na kilo.

Mitego mingine ya mashine ntaipitia haraka. Mbegu zikiwa nyingi mno zinapishana, programu inachanganya njia ya huyu na ya yule, punguza mpaka kama milioni 20 hadi 50 kwa mililita. Maji yakiwa yanatiririka ndani ya chemba hata waliokufa watahesabiwa wanatembea, na namna ya kujua ni rahisi, angalia kama wote wanaenda upande mmoja, ngoja yatulie. Na kiini cha yai, hiki kinasumbua sana, yale mafuta madogomadogo yanang'aa kama vichwa, mashine inayahesabu kama mbegu zilizokufa na dume wako anashuka asilimia kwa kosa la kuku. Ama uchuje ekstenda iwe safi ama utumie rangi inayoshika vinasaba, ya Hoechst 33342, ambapo mashine inaona vichwa vya kweli tu.

Kwa nyie mnaopokea mirija ya mbegu zilizogandishwa kutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River au ya nje, kipimo ni baada ya kuyeyusha. Mrija umetoka kwenye naitrojeni ya maji nyuzi 196 chini ya sifuri, uingize maji ya nyuzi 37 kwa sekunde 30 mpaka 40, ufute ukauke kabisa kabla hujaukata maana tumeshasema maji yanafanya nini, upe dakika chache ndo uangalie. Tuseme mrija ulipakiwa mbegu milioni 20, ukikuta nusu zinatembea una milioni 10 za kazi, ukikuta asilimia 30 una 6. Halafu usiishie hapo, iache tyubu kwenye nyuzi 37 uangalie tena baada ya saa moja na baada ya mbili. Kuna mirija dakika ya kwanza inachangamka vizuri tu, baada ya saa mbili kimya, na ng'ombe wetu huku vijijini joto lake, yaani dalili za kutaka dume, limeonekana asubuhi na kijana wa kuja kumwambia mhimilishaji kafika mchana, mbegu isiyodumu hapo imekula hasara. Mi kipimo cha saa mbili nakipenda kuliko cha dakika ya kwanza, kinafanana zaidi na safari yenyewe.

Wafugaji wa mbuzi, na Dodoma hii mbuzi ndo benki, neno moja. Maji ya mbegu ya beberu yana kimeng'enya kinachokivunja kiini cha yai kuwa sumu kwa mbegu zenyewe. Ekstenda ya fahali yenye yai jingi ukiitumia kwa beberu mwendo unakufa ndani ya masaa na utadhani beberu ni mbovu. Ama uoshe mbegu kwanza kwa sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi, ama upunguze yai sana au utumie maziwa ya unga yasiyo na mafuta.

Mzee mmoja aliniuliza pale nje kabla hatujaingia, hivi mwendo ukiwa mzuri ndo ng'ombe watashika mimba? Nimjibu mbele yenu. Hapana mzee, sio lazima. Mbegu inaweza kukimbia vizuri na ikawa vinasaba vyake vimeharibika, au kofia ya kichwani imeshavuliwa kabla ya wakati, au jike mwenyewe hakuwa kwenye joto. Mwendo unatuambia zaidi kuhusu kushindwa kuliko kushinda, dume ambaye kweli hana mbegu inayotembea, kwa slaidi ya joto, mara mbili, siku mbili tofauti, huyo tunaweza kumsemea. Na hiyo ya siku mbili naishikilia sana, dume aliyekaa muda mrefu bila kupanda mkupuo wake wa kwanza unaweza kuwa umejaa mbegu kuukuu, usimwandikie kwa mkupuo mmoja.

Basi nimeongea inatosha. Pale mezani kuna hadubini nne, thamosi zipo na maji nimeyapima mwenyewe sasa hivi ni 38, slaidi ziko juu yake, na nina mirija sita ya dume mmoja. Mtakaa wawiliwawili. Mmoja ataangalia ataandika namba yake kwenye karatasi ataikunja, mwenzake ataangalia ataandika ya kwake bila kuulizana, ndo mtafungua. Zikipishana zaidi ya 10 mnarudia toka kuyeyusha. Mzee wangu wa Bahi njoo ukae na mimi kwenye ile hadubini ya dirishani, nataka wewe uanze kuangalia.